Hollywood Bowl: Kombe Linalorudisha Sauti

Fidla ikipigwa uwanjani, sauti yake husambaa pande zote, na sehemu kubwa hupotelea angani. Ukumbini kuta na dari huirudisha kwa wasikilizaji; nje hakuna cha kuirudisha. Kombe la jukwaa hujengwa kwa ajili hiyo. Ni ukuta uliopinda kama kombe la chaza lililosimamishwa, unaowafunika wanamuziki kwa nyuma na kwa juu, huku upande wa wasikilizaji ukiachwa wazi. Hapo linatofautiana na kibanda cha bendi, kama kile cha bustani ya Forodhani, Zanzibar, ambacho kiko wazi pande zote ili watu wakizunguke.

Mojawapo ya makombe maarufu zaidi duniani liko Hollywood Bowl, mjini Los Angeles, Marekani. Vilima vya hapo vimelizunguka bonde vikafanya umbo la bakuli, na ndiyo asili ya jina la mahali hapo. Tarehe 11 Julai 1922 okestra ya Los Angeles Philharmonic ilianza msimu wake wa kwanza bondeni humo, ikiongozwa na Alfred Hertz. Watu waliketi kwenye mabenchi ya mbao mlimani.

Kombe la kwanza lilijengwa mwaka 1926 na kundi la Allied Architects, lakini halikupendeza macho wala masikio. Mwaka uliofuata msanifu Lloyd Wright, mtoto wa Frank Lloyd Wright, alijenga jingine la umbo la piramidi, akitumia mbao zilizobaki kwenye onyesho la Robin Hood. Lilisifiwa kwa sauti, ila sura yake iliwashinda wengi, likabomolewa. Mwaka 1928 akaunda matao ya mbao yaliyopangwa moja ndani ya jingine, yanayoweza kufunguliwa vipande vipande. Kombe hilo halikutunzwa, likaharibiwa na maji.

Mwaka 1929 Allied Architects walirudi na kombe la kudumu: fremu ya chuma iliyovikwa mabamba ya saruji yenye asbesto. Matao yake meupe ya nusu duara yakawa alama ya jiji. Kasoro ilikuwa kwenye uzuri huohuo. Ukuta wa duara hukusanya sauti kama kioo kilichobonyea kinavyokusanya mwanga: sehemu moja hupata sauti nyingi mno, nyingine hukosa. Mpiga fidla aliweza kushindwa kumsikia mwenzake aliye ng'ambo ya jukwaa. Msanifu Frank Gehry alitafuta dawa mara mbili: mwaka 1970 aliweka mabomba makubwa ya karatasi ngumu, na mwaka 1980 akatundika matufe ya fibaglasi juu ya wanamuziki ili kuitawanya sauti.

Kombe hilo lilibomolewa mwaka 2003, ingawa watetezi wa majengo ya kale walipinga. Jipya, lililobuniwa na ofisi ya Hodgetts + Fung, lilifunguliwa mwaka 2004. Matao yamebaki, ila ni makubwa zaidi, na okestra nzima huenea chini yake. Juu ya jukwaa imening'inizwa pete kubwa yenye mabamba yanayorudisha sauti chini kwa wapigaji. Kwa kuwa uwanja huchukua watu wapatao 17,500, walioketi mbali husikia kwa msaada wa vipaza sauti. Kazi kuu ya kombe leo ni kuwawezesha wanamuziki kusikilizana, kwani wasiposikiana wao, hakuna kipaza sauti kitakachoweza kuwapatanisha.