Kumi wa Maji, Mmoja wa Hewa

Umeme ulikatika saa tatu za usiku, kaskazi imeshika, hapa Chake Chake. Pampu ya tangi la samaki ikanyamaza. Sikushughulika, nimezoea. Baadaye, nilipomulika kwa tochi ya simu, niliwakuta tetra wangu kumi wamepanda juu wote, midomo imegusa uso wa maji, matamvua yanapiga mbio. Beta, yule mgomvi mwenye mapezi kama pazia la harusi, amejilaza juu ya jani, hana habari.

Tangi moja, maji yale yale. Mbona mmoja anastarehe na kumi wanahangaika?

Beta, ambaye wataalamu humwita Betta splendens, ni samaki wa Thailand, na kwao ni mabonde ya mpunga na maji yaliyotuama. Mpemba hahitaji kuelezwa bonde la mpunga lilivyo: maji ya kufika kifundo cha mguu, ya moto mchana, matope tele. Oksijeni humo ni haba. Kwa hiyo juu ya matamvua yake beta ana kiungo chenye mikunjo mikunjo, kimejaa mishipa ya damu. Hupanda, humeza funda la hewa, na damu ikachukua oksijeni humo moja kwa moja. Kambale naye ana chake cha namna hiyo, ndiyo maana hudumu kwenye ndoo wenziwe wakishakufa zamani. Ila beta ameitegemea hewa mno: ukimzuia asifike juu, anaweza kufa maji. Samaki, afe maji! Basi usijaze tangi hadi kwenye kifuniko. Acha vidole vitatu.

Tetra hana kiungo hicho. Yeye riziki yake ni oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji kadiri yanavyopata moto ndivyo yanavyoishika kidogo. Kwa nyuzi 25 lita moja ya maji yasiyo na chumvi hubeba miligramu 8.3 hivi, kwa nyuzi 30 hushuka hadi 7.5. Tofauti ni ndogo kuisikia, lakini joto lile lile linaloipunguza oksijeni ndilo linaloufanya mwili wa samaki uitake zaidi. Anabanwa huku na huku.

Hapo ndipo vitabu vya ufugaji vinapotupoteza. Vingi vimeandikwa kwa watu wa nchi za baridi, wanaonunua hita ya kupasha tangi moto, na mwenzi wanayempendekezea beta mara nyingi ni tetra wa neoni. Neoni hupenda maji ya nyuzi 21 hadi 26. Tangi langu wakati wa kaskazi hufika 29 bila hita yoyote. Kwetu afadhali kadinali, ndugu yake neoni, ambaye kwao ni Rio Negro na Orinoco kwenye maji ya joto zaidi, na ndio ninaowafuga.

Kuna na suala la idadi. Mwanzo nilinunua watatu, kwa ubahili. Kila mmoja akajificha pembe yake, na beta akamwandama mmoja kutwa nzima. Nilipofikisha kumi wakaanza kwenda pamoja. Beta akawa anatunisha mashavu, anarusha shambulio moja, kisha anageuka. Mshambuliaji lazima amchague mmoja, na miili mingi iliyofanana ikienda kwa pamoja humvuruga jicho. Miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliwatia rangi ya buluu samaki wachache ndani ya kundi la samaki wa rangi ya fedha, na samaki mla wenzake aliyekuwa akishindwa akaanza kufanikiwa. Wavuvi wa Kojani wanaotoka na taa usiku wa kiza wanalijua kundi kwa upande wake wa pili: dagaa wakijibana hivyo humchanganya nguru, lakini wavu huwazoa wote kwa mara moja.

Samaki wenye mapezi marefu je? Hao usiwatie. Gapi wa kiume mwenye mkia wa rangi beta humwona ni hasimu, na barbu wa milia humnyofoa beta mwenyewe mapezi. Na wapo mabeta wasiokubali mwenzi yeyote; weka chombo cha akiba cha kuwatenganisha.

Usiku ule sikuwalisha, maana chakula kikibaki kinaoza na kuila oksijeni iliyosalia. Nilichukua kata jikoni, nikawa nateka maji ya tangi lenyewe na kuyamimina kutoka juu, kama mtu anayepoza chai, yachanganyike na hewa. Beta alikasirika akaenda nyuma ya jiwe. Baada ya robo saa kadinali wa kwanza akashuka, wa pili akamfuata, kisha wote. Umeme ulirudi alfajiri. Ile kata haijarudi jikoni. Nimeitundika kwenye msumari kando ya tangi.