Jina, Milki na Sauti: Duka la Vitabu la des femmes Jijini Paris

Makala haya yanafafanua jinsi jina la kampuni moja ya uchapishaji lilivyobeba mgogoro kuhusu nani ana haki ya kunena kwa niaba ya wanawake. Kampuni hiyo, des femmes, iliasisiwa Paris mwaka 1973 na Antoinette Fouque pamoja na wenzake wa kundi la Psychanalyse et Politique, kwa fedha za Sylvina Boissonnas. Mwaka 1974 ilifungua duka la vitabu katika mtaa wa Saints-Pères. Baadaye yakafuata maduka ya Marseille na Lyon.

Kisarufi, des ina dhima mbili. Kwanza, ni muungano wa kihusishi de na kibainishi les, yaani "-a wanawake". Pili, ni kibainishi cha wingi usiobainika, yaani "wanawake fulani". Kiswahili hutenganisha dhana hizo: a-unganifu huonyesha milki, ilhali wingi usiobainika huachiwa nomino peke yake. Kwa Kifaransa, basi, jina lilelile liliweza kusomeka kama mali ya wanawake wote na kama kazi ya baadhi yao. Fouque mwenyewe alikataa kuitwa mwanaufeministi, ingawa duka lake huorodheshwa miongoni mwa maduka ya kifeministi.

Utata huo ulivuka sarufi ukaingia katika sheria. Mwaka 1979 kundi lake lilisajili jina Mouvement de libération des femmes, pamoja na kifupisho MLF, kuwa alama ya biashara. Tangu 1970 jina hilo lilikuwa limetumiwa na makundi mengi yasiyo na kiongozi mmoja. Wapinzani waliona kuwa jina la wote limegeuzwa milki ya wachache. Mwaka 1981 walichapisha kitabu cha kupinga usajili huo, na Simone de Beauvoir akakiandikia dibaji.

Hata hivyo, si haki kuipima kazi hiyo kwa usajili pekee. Mwaka 1980 kampuni ilianzisha Bibliothèque des voix, yaani maktaba ya sauti: matini zilizosomwa na waandishi na waigizaji, zikarekodiwa katika kaseti. Fouque alilihusisha wazo hilo na mama yake, ambaye hakujua kusoma. Kwa njia hiyo, asiyejua herufi naye alihesabiwa miongoni mwa hadhira ya kitabu.

Kwa hiyo, historia ya uchapishaji wa wanawake haitoshi kuandikwa kwa kuhesabu vitabu. Yafaa kuuliza pia ni nani anayemiliki jina na ni nani anayefikiwa na sauti. Swali "wanawake gani?" lilikuwamo tayari ndani ya neno des.