Sanaa kama somo la pili: kabla hujajisajili

"Utachora, halafu utakula nini?" Mwanachuo yeyote wa ualimu anayetaka kuongeza sanaa za ufundi kwenye masomo yake atalisikia swali hili kabla wiki ya usajili haijaisha. Ndugu msomaji, tuanze na hesabu.

Wengi hudhani ni kozi ya kupumzikia. Thubutu! Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vyetu, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Gawanya kwa wiki 15, unapata saa 8 kila wiki. Historia unaweza kukesha nayo siku mbili ukachomoka. Chungu hakikeshewi. Udongo unauloweka, unauchuja, unaukanda, unauchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa, kisha unasubiri chungu kikauke taratibu. Ukikiwahisha motoni kikiwa na unyevu, mvuke unakipasua, na sapu inakuita.

Pili, unasahihishwa mbele za watu. Kazi inabandikwa ukutani, wenzako wanasema wanachokiona, mwalimu anauliza kwa nini mlima wa mbali umeupa kijani kilekile cha mlima wa karibu. Itazame Uluguru asubuhi: mteremko wa karibu ni kijani kizito, wa nyuma yake unapauka kuelekea samawati. Kujifunza kuona hivyo ni nusu ya somo.

"Lakini chuo chetu ni kidogo, hakina studio." Sawa, ila hata Makerere sanaa haikuanza na jengo. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kuifundisha barazani nyumbani kwake, Kampala. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Sam Ntiro wa Kilimanjaro, aliyeendelea na masomo shule ya Slade, London, akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, na baadaye akafundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Vifaa navyo visikutishe, bumu litabaki. Vijiti vikavu ndani ya kopo lililofunikwa, lenye tundu dogo, ukiviweka motoni vinatoka mkaa wa kuchorea. Udongo mwekundu uliochekechwa, ukichanganywa na uji mwepesi wa muhogo, ni rangi.

Sasa turudi kwenye kula. Tusidanganyane: tangazo la ajira litaangalia masomo yako ya kufundishia, kwa hiyo sanaa ibaki ya pili na GPA ilindwe. Lakini mtaala mpya ulioanza kutekelezwa 2024 una somo la Sanaa na Michezo shule za msingi. Litafundishwa na nani, kama sisi tunaosomea ualimu tunaogopa kushika penseli? Na hata ukiwa mwalimu wa baiolojia, ukiingia fildi ukakuta watoto 80 na vitabu vitano, mchoro wako wa moyo ubaoni ndio kitabu cha darasa zima.

Basi kabla hujasaini fomu, nenda ofisi ya taaluma ukaulize mambo matatu: kozi hii inaingia kwenye GPA au ni ya nje ya hesabu? Vipindi vyake vinagongana na somo lako kuu? Kazi zako zitatunzwa wapi hadi siku ya kusahihishwa? Ukiridhika na majibu, jisajili. Usipokuwa na chumba, tafuta baraza.