Kabla kijana wako hajashuka duarani, uliza nani amepima hatari

Ikiwa unaishi Nyamongo, Tarime mjini au Mugumu, huenda umewahi kumpeleka zahanati kijana anayekohoa kwa miezi. Alipewa dawa za kifua, akapata nafuu siku chache, kisha kikohozi kikarudi. Alipopimwa makohozi, kifua kikuu hakikuonekana. Nyumbani mkaanza kutafuta sababu: wengine wakasema ni baridi ya usiku, wengine sigara, wengine wakanong'ona kwamba amerogwa. Swali moja halikuulizwa: kijana huyu anafanya kazi gani, na akiwa kazini anavuta hewa ya namna gani?

Wiki hii tunazungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la mameneja wa migodi mikubwa na wakaguzi wa serikali, yaani tathmini ya hatari mahali pa kazi. Tumelileta kwenye safu ya afya kwa sababu baadhi ya magonjwa makubwa ya kazini hayana dawa ya kuyaponya. Yana kinga tu, na kinga hiyo huamuliwa na msimamizi wa kazi kabla mfanyakazi hajaugua. Mgonjwa akifika hospitali, uamuzi huo huwa umeshachelewa.

Tathmini ya hatari ni nini?

Ni kuangalia, kabla kazi haijaanza, kitu gani kinaweza kumdhuru mtu, nani atadhurika na kwa njia gani, kisha kuamua kinga, kuiandika na kuitekeleza. Wataalamu hutofautisha maneno mawili. Kihatarishi ni kitu chenye uwezo wa kudhuru, kama vumbi la mawe, zebaki au shimo refu. Hatari ni uwezekano wa kitu hicho kumdhuru mtu, pamoja na ukubwa wa madhara yenyewe. Zebaki iliyofungwa vizuri na kufungiwa stoo ni kihatarishi. Zebaki hiyohiyo ikichomwa kwenye kikaangio jikoni, hatari yake ni kubwa kwa kila aliyemo ndani ya nyumba.

Kazi hii haihitaji shahada. Mwenye karasha mwenye watu wanane anaweza kuifanya kwa daftari na kalamu, mradi awe mkweli na awashirikishe wanaofanya kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa eneo la kawaida la wachimbaji wadogo wa dhahabu na tulipitie kwa hatua tano.

Hatua ya kwanza: kutafuta vihatarishi

Anza na vumbi. Mawe mengi ya dhahabu yana madini yanayoitwa silika. Yakipasuliwa au kusagwa yakiwa makavu, hutoa chembe ndogo ambazo jicho halizioni. Chembe hizo hufika ndani kabisa ya mapafu na kubaki huko, na mapafu hujenga makovu kuzizunguka. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, lakini panapokuwa na vumbi jingi sana unaweza kuonekana ndani ya miaka michache, hata miezi. Hauponi. Aidha, mtu mwenye silika mapafuni hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mwingine.

Kihatarishi cha pili ni zebaki, ambayo hutumika kukamata dhahabu kwenye unga wa mawe na kisha huchomwa ili dhahabu ibaki. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, hivyo mtu huuvuta bila kujua. Mvuke huo hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau na hasira zisizo na sababu. Kwa mama mjamzito, zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa.

Cha tatu ni kelele. Kama watu wawili waliosimama mita moja kutoka kila mmoja wanalazimika kupiga kelele ili wasikilizane, kelele ya mashine hiyo inaweza kuharibu masikio, na usikivu ukishapotea kwa njia hiyo haurudi.

Cha nne ni duara lenyewe. Kuta zinaweza kuporomoka na matimba kuoza. Hewa inaweza kuwa mbaya, hasa baada ya kulipua baruti au pale pampu ya petroli inapowashwa ndani ya shimo. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua haraka. Mara nyingi aliyeanguka wa kwanza hufuatwa na ndugu au rafiki anayetaka kumwokoa, naye akaanguka palepale. Sheria ya kukumbuka ni fupi: mtu akianguka shimoni bila sababu inayoonekana, usimfuate. Zima injini, peleka hewa chini, ita msaada.

Hatua ya pili: nani atadhurika?

Hapa wasimamizi wengi hukosea kwa kuhesabu waliomo kwenye daftari la malipo tu. Vumbi halisomi daftari. Hesabu pia mama anayeuza uji na chapati karibu na karasha, na mtoto aliyembeba mgongoni. Hesabu wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo na kupepeta unga. Hesabu mke anayekung'uta na kufua nguo za kazi, na watoto wanaolala chumba ambamo nguo hizo zimetundikwa. Kama dhahabu huchomwa nyumbani, familia nzima iko kazini bila kujua.

Hatua ya tatu: kuchagua kinga kwa mpangilio

Msimamizi anapoulizwa kuhusu usalama, mara nyingi huonyesha helmeti na buti. Vifaa vya kujikinga vinahitajika, lakini ndivyo vya mwisho kwenye orodha. Kwanza ondoa kihatarishi chenyewe. Ukishindwa, tumia njia yenye madhara madogo zaidi. Ukishindwa, kitenge na watu. Kisha panga kazi ili watu wakae karibu nacho kwa muda mfupi. Baada ya hayo yote ndipo uwape vifaa.

Kwa vumbi, kinga kubwa ni maji. Mawe yaloweshwe kabla ya kusagwa, mashine ifunikwe, na wauza chakula wahamishiwe mbali, upande ambako upepo unatokea. Anayebaki karibu na mashine avae barakoa ya kuchuja vumbi, ya aina ya N95 au zaidi, inayobana uso vizuri. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi linaloonekana tu. Lile lisiloonekana, ambalo ndilo linaloleta silikosisi, hupita.

Kwa zebaki, kinga bora ni kuacha kuitumia pale inapowezekana. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako maelfu ya watu walidhurika baada ya kula samaki wenye sumu ya zebaki iliyotoka kiwandani. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 2017 na unazitaka nchi kupunguza, na inapowezekana kukomesha, matumizi ya zebaki kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu. Anayeendelea kuitumia achome kwa chombo kilichofungwa kinachoitwa retoti, ambacho hukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, tena nje na mbali na makazi. Zebaki iliyomwagika isifagiliwe, kwa kuwa fagio huitawanya na kuongeza mvuke.

Hatua ya nne na ya tano: kuandika na kurudia

Kinga isiyoandikwa husahaulika. Daftari lionyeshe kihatarishi, kinga iliyochaguliwa, jina la mtu anayeisimamia na tarehe ya mwisho ya kuikamilisha. Kisha tathmini irudiwe kila jambo linapobadilika: mashine mpya ikifungwa, mtu akiumia, au mvua zikianza.

Suala la mvua si dogo. Januari 2024, katika mgodi mdogo wa Ng'alita wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, watu 22 walifariki dunia baada ya kufukiwa na udongo kufuatia mvua kubwa. Viongozi wa wilaya walieleza kuwa kazi katika eneo hilo ilikuwa imezuiwa, kwani taratibu za usalama na mazingira zilikuwa hazijaidhinishwa. Hatari ilikuwa imeonekana na kusemwa. Kilichokosekana ni watu kubaki juu hadi eneo lithibitishwe kuwa salama.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake na kutathmini hatari zilizopo, na msimamizi wake ni OSHA. Migodi ina pia kanuni zake za usalama na afya za mwaka 2010, zinazosimamiwa na ofisi za madini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Kwa hiyo mzazi asikubali kuambiwa kwamba mtoto wa miaka 15 "anasaidia tu" duarani wakati wa likizo.

Mtu anayeugua au kuumia kwa sababu ya kazi anaweza kudai fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wa mfuko huo hulipwa na mwajiri na haukatwi kwenye mshahara. Tatizo ni kwamba vijana wengi wa maduarani hawana mkataba na hulipwa kwa mgawo wa mawe. Wakiugua, ni vigumu kuthibitisha walikuwa wakimfanyia nani kazi. Hii ni sababu nyingine ya kuuliza mapema.

Maswali ya mzazi

Kabla kijana wako hajaanza kazi, nenda ukaone mahali penyewe, au mwombe mjomba au kaka yake mkubwa aende. Muulize msimamizi kwa heshima: Je, mawe husagwa na maji au makavu? Zebaki huchomwa wapi, na kwa chombo gani? Nani hukagua matimba asubuhi, hasa baada ya mvua? Hewa hufikaje chini, na pampu ya injini hukaa wapi? Mtu akikwama, nani anaitwa na kamba iko wapi? Je, vijana hupimwa afya kabla ya kuanza na baada ya muda fulani? Msimamizi aliyepima hatari atajibu bila kutafuta maneno. Anayekasirika au kucheka amekujibu pia.

Nyumbani, nguo za kazi zivuliwe nje, ziloweshwe kabla ya kufuliwa na zisichanganywe na za watoto. Mfanyakazi anawe na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Na msitegemee maziwa. Wengi huamini kuwa glasi ya maziwa baada ya kazi husafisha kifua, lakini maziwa huenda tumboni na vumbi liko mapafuni. Kuacha sigara kutamsaidia zaidi.

Ukifika kwa daktari

Usisubiri kuulizwa. Sema: "Nimefanya kazi karashani kwa miaka mitatu, tunasaga makavu," au "Nyumbani tunachoma dhahabu kwa zebaki." Maneno hayo yanaweza kubadilisha vipimo utakavyoandikiwa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kupungua uzito au kukohoa damu vinahitaji kipimo cha kifua kikuu, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kipimo kikionyesha hakuna kifua kikuu na bado pumzi inakata unapopanda mlima, omba picha ya kifua na rufaa. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, ambayo kwa miaka mingi imetibu kifua kikuu, ina uzoefu na mapafu ya wachimbaji.

Mama mjamzito anayefanya kazi na zebaki au anayeishi inapochomwa aseme hivyo mara ya kwanza anapohudhuria kliniki, asingoje dalili.

Huenda wewe unayesoma ndiye mwenye karasha, na vijana wa majirani zako ndio wanaosaga. Kesho asubuhi, kabla mashine haijawashwa, chukua daftari, waite watano wanaofanya kazi hiyo na uwaulize ni kitu gani kinawatisha. Andika wanachosema, kisha uanze na maji.