Kasongo: mji uliolishwa na mikono ya wamama



Watoto wetu wakiulizwa historia ya Kasongo, hutaja wanaume: Tippu Tip, mwanawe Sefu, na Wabelgiji waliouteka mji mwaka 1893. Hao walikuwako kweli. Lakini mji hauli majina. Unakula wali, mihogo, karanga na mawese, na vyakula hivyo vimepita mikononi mwa wanawake tangu zamani. Historia hiyo nayo tuwasimulie watoto nyumbani.

Tuanzie Nyangwe, kando ya Lualaba. Soko lake lilijulikana mbali. Wanawake walivuka mto kwa mitumbwi wakileta vyakula, samaki, kuku na vyungu. Hata vijiji vilipopigana, mwanamke mwenye mzigo wa soko aliachwa apite salama. Desturi hiyo ilivunjwa tarehe 15 Julai 1871. Siku hiyo walikuwako sokoni watu wapata 1,500, wengi wao wanawake, na watu wa wafanyabiashara kutoka pwani wakawafyatulia bunduki. Livingstone alikuwapo, akaandika kwamba wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wengi walizama mtoni. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwatia watu hasira, ikawapa nguvu waliotaka biashara ya watumwa ikome. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Watu wa pwani walituachia Kiswahili tunachosema, dini ya Kiislamu, na mpunga. Wageni waliofika Kasongo wakati wa vita vya 1893 walistaajabia mashamba na bustani zake. Tusisahau kwamba kazi hiyo ilifanywa na watumwa, wanawake kwa wanaume. Baadaye, kuanzia mwaka 1917, serikali ya Wabelgiji ililazimisha watu kulima pamba. Bei ilipangwa na wengine, na mama alibaki akitafuta saa ya kulima chakula cha watoto wake.

Leo hakuna anayetulazimisha kwa fimbo. Hata hivyo, ulizeni katika kikundi chochote: ni nani aliyeuza mpunga ungali shambani? Mtoto anaugua, karo inadaiwa, mnunuzi anakuja na pesa mkononi, na magunia yanakwenda kwa bei ya chini kabla hayajajaa. Miezi michache baadaye mama huyo huyo ananunua mchele sokoni kwa bei ya juu. Kule Kabambare, dhahabu imewavuta vijana wengi machimboni, na jembe limebaki kwa mama.

Lakini tunayo nguvu. Likelemba ikitenga sehemu ndogo kila juma kwa ajili ya dharura, mama anaweza kukopa kwa wenzake badala ya kukopa kwa mnunuzi. Kikundi kikikusanya mpunga pamoja na kuupima mbele ya wote, mnunuzi atazungumza na watu ishirini, si na mmoja mwenye shida. Na kabla ya gunia la kwanza kutoka, mbegu na chakula cha nyumba vitengwe.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya familia iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti la mke kuomba ruhusa ya mume kabla ya kufanya jambo la kisheria. Sasa mume na mke wanapaswa kukubaliana. Baba akitaka kufunga mkataba utakaoibeba nyumba yote, mazungumzo yaanzie mezani, wote wawili wakiwapo.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kimwalike bibi mmoja, Mwislamu au Mkristo, atueleze jinsi walivyolima na kuuza zamani zake. Mabinti wetu waje wakiwa na daftari, waandike. Wakulima wa Kasongo na Kabambare wana majina pia, na mengi ni ya wamama.