Ng'ombe hana dhehebu: Chanzo cha utani wa makanisa Siongiroi

Katika nchi ya Wakipsigis, utani wa madhehebu huanza pale birika linapoinjikwa. Mwadventista Msabato, ambaye kanisa lake humshauri aepuke chai na kahawa, anaishi katikati ya kaunti za Kericho na Bomet zinazosifika duniani kwa majani chai. Jirani yake wa Africa Gospel (AGC) humuuliza: yale majani huchumwa ili anywe nani? Msabato naye humuuliza ni nani aliyemruhusu kulima Jumamosi. Mkatoliki hucheka, mpaka wote wawili wanapomgeukia na kumwuliza kuhusu pombe.

Mzaha huu una historia. Mwaka 1905, mmishenari Mmarekani, Willis Hotchkiss, alifungua misheni katika nchi hiyo, ambayo wakoloni waliiita Lumbwa. Baadaye Africa Inland Mission ilijikita Litein. World Gospel Mission, mlezi wa AGC, ikajikita Tenwek, ambako hospitali ilianzishwa mwaka 1937. Nao Wakatoliki wakajenga Kaplong. Wasabato waliingia kutoka upande wa Kisii. Hivyo, dhehebu la babu mara nyingi lilitegemea misheni iliyokuwa karibu na boma lake kuliko hoja za kitheolojia.

Hata wakubwa walizozana. Mwaka 1913, Waprotestanti walikutana Kikuyu kutafuta umoja, wakashiriki meza ya Bwana pamoja. Askofu Frank Weston wa Zanzibar akawashtaki maaskofu wenzake wa Uganda na Mombasa kwa uzushi. Kesi ikafika Uingereza, na wachekeshaji wa huko wakafupisha uamuzi wake hivi: ibada ile ilimpendeza Mungu sana, na kamwe isirudiwe.

Kicheko hukoma shule inapotajwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliyaacha makanisa yakiwa wafadhili wa shule yalizoanzisha, huku serikali ikilipa walimu. Tangu hapo, uteuzi wa mwalimu mkuu unaweza kugeuka vita vya madhehebu, na anayeumia ni mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 humpa mfadhili uwakilishi katika bodi na wajibu wa malezi ya kiroho, lakini humtaka alinde imani ya wanafunzi wasio wa kanisa lake. Mzazi anayeijua sheria hiyo hana haja ya kubadili kanisa ili mwanawe apate nafasi darasani.

Siongiroi, katika eneo la Chepalungu, ina somo lake. Kiwanda cha kupoza maziwa, kilichoanzishwa mwaka 2004, kinategemea mikebe ya wakulima wengi wadogo. Ng'ombe wa Msabato hukamuliwa hata siku ya Sabato, maana kiwele hakisubiri jua litue. Na kukamua si taabu, swali ni kuuza. Lakini maziwa yakishamiminwa katika tangi, hapana anayeweza kutenga ya Mkatoliki na ya AGC. Yakiharibika, hasara ni ya wote.