Kabla ya Kumkabidhi Mtu Watoto

Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: CHETI na MWENENDO. Tusome pamoja. Che-ti. Mwe-ne-ndo. Vema.

Tuseme kijiji chenu kimefungua kituo cha kulelea watoto wadogo. Akina mama hushuka alfajiri na ndizi zao kwenda soko la Kingalu, nao hawana pa kuwaacha watoto. Basi anatafutwa mlezi. Anakuja mtu, amevaa vizuri, anasema vizuri, anacheka na watoto. Cheti cha shule anacho. Ila ametoka mbali, na hapana amjuaye. Je, mtampa kazi?

Mimi nilipoanza kufundisha niliulizwa vyeti vya masomo tu. Walivitazama mara mbili, wakatazama na muhuri. Hakuna aliyeniuliza nilikotoka, wala mwenendo wangu huko ulikuwaje. Siku ile ile nikakabidhiwa watoto 50. Nilifurahi, maana nilikuwa na shida ya kazi. Leo mimi ni mzazi, na nikikumbuka siku ile moyo hunienda mbio.

Sasa tutazame kazi ya cheti cha tabia njema. Wengi wenu, kabla ya kujua kuandika majina yenu, mlikuwa mkitia dole gumba. Watu hulionea haya dole lile, lakini polisi huliheshimu sana. Mtu aweza kubadili jina, aweza kuhama mkoa, lakini vidole vyake huenda navyo, na havifanani na vya mtu mwingine. Basi anayetaka cheti hiki huenda polisi, hujaza fomu, na huchukuliwa alama za vidole vyote kumi. Alama hizo hulinganishwa na kumbukumbu za polisi. Asipoonekana katika kumbukumbu za wahalifu, hupewa cheti chake. Wengi hukitafuta wanapotaka kwenda kufanya kazi nchi za nje. Lakini si vibaya kijiji nacho kumwambia mlezi, au mlinzi wa shule, au mtu wa kumtunza mzee asiyeona: Ndugu, tuletee cheti hicho kwanza.

Je, akikileta mambo yamekwisha? Hapana. Sikilizeni yaliyotokea Uingereza mwaka 2002. Katika mji mdogo uitwao Soham, wasichana wawili wenye umri wa miaka 10 waliuawa na mtu aliyekuwa mtunzaji wa majengo ya shule ya sekondari ya hapo. Kwa ajili ya kazi ile, polisi waliulizwa habari zake, wakajibu kwamba hapana neno. Kumbe huko alikotoka alikuwa amelalamikiwa mara kadhaa juu ya mambo ya wasichana. Hakuhukumiwa kwa malalamiko yale, na polisi wa huko hawakuyatunza vizuri. Tena aliomba kazi kwa jina jingine, na polisi wakatafuta jina lile tu. Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa yake mwaka 2004, na mwaka 2006 nchi ile ikatunga sheria mpya ya kuchunguza watu wanaofanya kazi na watoto na watu wazima wasioweza kujilinda.

Kumbe cheti huonyesha lile lililoandikwa. Lisiloandikwa halionekani.

Na hapa kwetu mengi hayaandikwi, kwa sababu tunanyamaza sisi wenyewe. Uchunguzi mmoja uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana mmoja hivi katika kila 7, walisema kwamba walitendewa ukatili wa kingono kabla hawajafika miaka 18. Wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote.

Na mtoto anaposema, huwaje? Katika Uluguru ukoo una nguvu, na neno la mjomba husikilizwa. Kwa kugawa mashamba na kupatanisha ndugu, kikao cha ukoo ni kitu chema. Kwa jambo hili hakifai hata kidogo. Wazee hukaa, hulipwa fedha au mbuzi, na mkosaji huambiwa aondoke. Naye huondoka. Huvuka mlima, huingia kijiji kingine, huomba kazi ya ulezi. Akipimwa vidole vyake, huonekana safi kabisa. Sisi ndio tuliomsafisha, kwa mbuzi mmoja. Na sheria ya mwaka 1998 inasema mtu mzima anayembaka mtoto afungwe miaka isiyopungua 30.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mtu mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa azipeleke kwa serikali ya mahali hapo. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au kwa afisa ustawi wa jamii. Nenda polisi, uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Au piga simu namba 116, bila malipo.

Tumrudie yule mlezi wetu. Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa alikotoka msiitazame muhuri tu. Mpigieni simu aliyeiandika. Ulizeni na pale alipofanya kazi mwisho: Je, mngempokea tena? Mtu huweza kusema uwongo katika barua, lakini akiulizwa swali hili kwa mdomo husitasita, nanyi mtasikia.

Waulizeni wote maswali yale yale, hata mpwa wa mwenyekiti. Nasema hivi kwa sababu mgeni huchunguzwa mpaka kabila lake, na mwenyeji hupita bila kuulizwa. Wala msimhukumu mtu kwa uvumi. Tena aliyefungwa zamani kwa kuiba mahindi si sawa na aliyemdhuru mtoto. Na hata huyo mliyemkubali, asikae peke yake na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa.

Redio itakaponyamaza, kila mmoja aandike swali moja ambalo angemwuliza mlezi wa kituo. Msomeane, mchague matano yaliyo bora. Juma lijalo tutajifunza kuandika barua ya kuuliza mwenendo wa mtu, mahali pa anwani, tarehe na sahihi. Mje na kalamu. Kwaherini.